Hakuna Trafiki Mbele

Kifaa kile cha kuelekeza njia hakikujua Kiswahili. Madereva wote wa Josephati walilijua hilo, kwa kuwa walikwisha kuitafuta lugha yao kwenye orodha yake wakaikosa. Kilisema Kiingereza tu, kwa sauti ya mwanamke asiye na haraka. Ndiyo maana Polycarp, aliyekuwa peke yake garini akiteremka kutoka Kilimamoja kuelekea Rhotia asubuhi moja ya Juni mwaka 2009, aliposikia kwa Kiswahili safi, "Hakuna trafiki mbele, ongeza mwendo," alinyoosha mkono azime redio.

Redio ilikuwa imezimwa tangu Mto wa Mbu.

Jioni aliwasimulia wenzake uwanjani huku akicheka. Josephati alikuwa na magari manne ya kuwapeleka wageni Ngorongoro na Serengeti, na uwanja wenye geti la mabati nyuma ya soko la Karatu. Madereva wake walikuwa wanaume watatu na mwanamke mmoja, Eliaichi, mzaliwa wa Machame, ambaye watu walizoea kumwita Mama Winnie. Wenzake wote walicheka na Polycarp. Eliaichi peke yake aliuliza ni nani basi aliyekifundisha. Polycarp akamjibu kwamba labda kimesikia wauza maboga.

Alikuwa amekiokota mwenyewe, miezi miwili nyuma, katika nyasi za Kona ya Maboga. Jumapili moja gari dogo la abiria lilikuwa limeanguka pale likaua watu wanne, na siku iliyofuata Polycarp alisimama kutazama, akakiona kimelala chali majanini kioo chake kikiwa kizima kabisa. Alijiambia kwamba mwenyewe hatakihitaji tena. Akakipangusa damu kwa kitambaa cha kupangusia kioo cha gari, akakibandika mbele ya usukani.

Kilimfaa sana. Kutoka Makuyuni hadi Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro, askari wa usalama barabarani walikuwa na maficho yao kumi na moja ya kuvizia magari kwa ile kamera ya mkononi ambayo madereva huiita tochi. Zamani dereva alimwonya mwenzake kwa kumwashia taa, lakini barabara ikiwa tupu hakuna wa kukuwashia. Polycarp aliyaweka maficho yote kumi na moja kwenye jipiesi, kila moja na alama yake, na kuanzia hapo kila alipobakiza mita mia tano kifaa kilipiga mluzi. Alipunguza, akampungia askari mkono, akaongeza. Lango la Lodoare hufungwa saa kumi na mbili jioni, na mgeni aliyelala nje ya lango ni mgeni aliyepoteza siku. Gari la Polycarp halikulala nje hata mara moja. Madereva wengine wakaanza kukigombea, kila mwenye safari ya haraka akitaka aende nacho.

Wiki ile ile kilipoanza kusema Kiswahili, alama ya Kona ya Maboga ilifutika. Polycarp aliiweka tena, na kesho yake ikawa haipo. Alama nyingine kumi zilikaa mahali pake. Halafu ikaja harufu. Gari lililoshinda limepoa kivulini lilinuka breki zilizoungua, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine, ya tope la chini ya maji, tope ambalo halijapigwa jua siku zote za maisha yake. Waliosha mazulia, wakaanika viti. Harufu ilihama kutoka gari hadi gari kwa kufuata mahali kifaa kilipolala, na Josephati alipoamuru kifungiwe kwenye droo ya ofisi, ofisi nayo ikanuka.

Mlinzi wa uwanja alikuwa Sironka, mtu mzima kutoka upande wa Sale, asiye mwepesi wa maneno. Asubuhi moja alimsubiri Eliaichi getini, rungu kwapani, akamvuta pembeni kwenye matairi ya zamani. Alimweleza kwamba jua likishazama kitu kile huzungumza ndani ya droo. Mwanzoni alidhani mwizi ameacha simu. Akaweka sikio mlangoni akasikia kinataja mita, mia tano, kisha kimya kirefu, kisha mia nne na tisini. Jioni ya pili kilianzia mia nne. Jioni ya tatu kilianzia mia mbili.

"Zinapungua tu, Mama Winnie," alisema kwa sauti ya chini. "Hakihesabu njia ya kwenda. Kinahesabu kitu kinachokuja."

Eliaichi alimuuliza jana kilikuwa kimefika wapi. Sironka alitazama mlango wa ofisi kabla ya kujibu kwamba kilikuwa kimefika hamsini.

Siku hiyo hiyo Polycarp aliondoka nacho, droo ikiwa bado imefungwa kwa ufunguo. Baadaye alisema alikikuta kimekwisha kubandikwa garini, akadhani Josephati amemwekea. Alikwenda Arusha kufanyiwa gari matengenezo. Saa kumi na moja jioni, akirudi bila mgeni hata mmoja, aliruka Kona ya Maboga akatumbukia korongoni.

Kona ile iko chini kidogo ya Rhotia. Barabara inateremka kutoka Kilimamoja imenyooka, pana, lami safi, mashamba ya ngano pande zote mbili, teremko linalomshawishi hata mtu mpole. Halafu ghafla inajikunja kushoto juu ya korongo lenye chemchemi, na hapo ukingoni akina mama wa Kiiraqw hupanga maboga yao wakiwauzia wapita njia. Tangu lami ifike, kila mwaka pale palikula gari. Kisha akaja Sajenti Obed wa trafiki na tochi yake, akaanza kusimama chini ya mikaratusi, na kwa miaka mitatu hakufa mtu. Lile gari dogo lilianguka Jumapili ambayo Obed alikuwa kanisani. Na Polycarp alianguka siku ambayo Obed aliitwa kituoni.

Alivunjika nyonga na miguu yote miwili. Eliaichi alipofika hospitali alimkuta amefungwa mawe ya kuvutia miguu, uso umemwisha, midomo imepasuka. Polycarp alingoja muuguzi aondoke.

"Dada Eli, sikukanyaga mafuta mimi."

"Alikanyaga nani?"

"Kulikuwa na mguu juu ya mguu wangu. Wa baridi. Niliuona mpaka kifundoni, juu ya hapo hakuna mtu." Alivuta shuka mpaka kidevuni. "Na ile sauti ilikuwa ikinibembeleza. Kama unavyombembeleza mtoto ale."

Eliaichi alimpangusa jasho. Hakumwambia kwamba anaota, na hakumwambia kwamba anamwamini. Alirudi uwanjani, akakikuta kifaa juu ya meza ya Josephati, kimeletwa na waliovuta gari. Gari lilikuwa limekunjika kama kopo. Kifaa hakikuwa na mkwaruzo.

Alikuwa ameendesha njia hiyo miaka sita. Mwaka wa kwanza madereva walimwekea dau kwamba hatamaliza hata mwezi mmoja wa kuteremka kreta, na wengine walimzibia njia makusudi kwenye vumbi ili arudi nyumbani kupika. Hakurudi. Kwa hiyo Josephati alipomwambia achukue jipiesi, kwa kuwa wageni wake wangetua uwanja wa ndege wa Manyara wamechelewa na lango halingoji, Eliaichi alimjibu kwamba atawahi bila kitu hicho au hatawahi. Alikitia kwenye droo mwenyewe, akafunga, akamkabidhi Sironka ufunguo aushike mkononi hadi atakaporudi.

Wageni walikuwa mzee na mkewe, watu watulivu waliokuja kuona faru kabla ya kufa, kama walivyosema wenyewe. Walitua saa kumi na nusu. Walipita Kilimamoja, teremko likaanza kufunguka mbele yao, na mluzi ukalia.

Eliaichi aliinua macho. Kifaa kilikuwa kwenye kioo, mahali pale pale Polycarp alipokuwa akikibandika katika gari lake, na kioo chake kilionyesha barabara, na kwenye barabara hapakuwa na alama yoyote. Harufu ya tope ikajaa garini hata mama mzungu akafunika pua.

"Hakuna trafiki mbele," sauti ilisema taratibu. "Ongeza mwendo, Mama Winnie."

Aliondoa mguu kwenye mafuta. Ndipo kitu kikaushika, kikauweka mahali pake kama mtu anavyomrudishia mtoto kiatu, kikakaa juu yake, na ubaridi ukapanda kutoka vidoleni hadi gotini, ubaridi wa maji ya shimoni, na gari likaanza kunguruma na kukimbia, themanini, mia, mia na ishirini, huku ile sauti ikimwambia kwamba njia ni nyeupe, kwamba hakuna wa kumwona, kwamba lango linafungwa na wageni wanamtegemea, na mbele yake kona ikawa inakuja, na kwenye kona mwanamke mmoja alikuwa ameinama akiinua boga kubwa asijue lolote. Eliaichi hakushindana na mguu. Aliikanyaga klachi kwa mguu wake wa kushoto ambao ulikuwa bado wake, akaing'oa gia, injini ikabaki ikilia peke yake bila kuvuta kitu, akaipandisha breki ya mkono kidogo kidogo kwa nguvu zake zote, gari likayumba, likaburura matairi, likasimama.

Boga lilikuwa limegusa bampa. Mwanamke aliyelikumbatia hakukimbia wala hakupiga kelele. Aliitwa Veronika, mkazi wa pale pale juu ya korongo. Alizunguka taratibu mpaka dirishani, akachungulia chini, kwenye miguu ya Eliaichi, akaangalia kwa muda.

"Mama," alisema, "umempakia nani?"

Jioni hiyo lango walilikuta limefungwa, wageni wakalala Karatu, na hawakulalamika. Yule mama alimshika Eliaichi mkono muda mrefu kabla ya kwenda chumbani. Asubuhi dereva mwenzake aliwachukua. Eliaichi alirudi Kona ya Maboga pamoja na Josephati, maana Veronika alikuwa amemwambia aje aonane na baba mkwe wake, Mzee Tluway, ambaye watu wa Rhotia humwendea kwa mambo ya maji na ya ardhi.

Mzee Tluway aliwapokea nje ya nyumba, mahali ambapo korongo lote linaonekana. Hakuwa na hirizi wala chano cha dawa. Alikiangalia kifaa walichokuja nacho, akakataa kukigusa, akaanza kusema habari za chemchemi. Alisema mle chini anakaa mmoja ambaye kwa Kiiraqw huitwa netlangw, na wao wa mjini wakipenda wamwite jini. Zamani alikuwa na maji yake, alichukua mwana-kondoo aliyepotea, basi. Lami ilipopita juu ya kichwa chake akaonja damu ya watu, na tangu hapo hakutaka nyingine. Aliyemwangusha ni Obed. Magari yalipoanza kupita pale polepole kwa kuogopa tochi, jini alishinda njaa miaka mitatu.

"Trafiki alimfungia chakula bila kujua," mzee alisema. "Sasa amepata mdomo. Kitu kinachowaambia msiogope, kaingia humo. Mliitengeneza wenyewe njia, yeye amepita tu."

Josephati aliuliza dawa yake ni nini. Mzee alimwambia ipo iliyo rahisi. Kondoo mweusi, kila mwaka, achinjwe ukingoni na mwenye magari, na magari yake yataachwa. Josephati alikubali kabla mzee hajamaliza. Alisema hata wawili, hata leo.

Eliaichi akauliza: na magari ya wengine je? Mzee Tluway alimtazama, akasema kondoo hujibia magari ya aliyemchinja tu. Wengine wataendelea kuwa wengine. Na huyo Veronika na wenzake wanaokaa pale na maboga? Mzee aligeuza macho kuelekea korongoni.

"Basi simlishi," Eliaichi alisema.

Josephati alimsihi asiwe mkaidi. Alimkumbusha kwamba ana mtoto, kwamba jini amekwisha kumtaja jina, kwamba barabara hiyo ndiyo kazi yao wote. Eliaichi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mzee.

"Wanaume walinifukuza kwenye barabara hii nikakataa kuondoka," alisema. "Sembuse huyu asiye na mwili. Niambie njia iliyo ngumu."

Mzee Tluway aliinama akaanza kuokota vijiwe, kimoja kimoja. Hatimaye alisema njia ngumu ipo, lakini yeye hajaona aliyeimaliza. Lazima afanye yule ambaye jini amekwisha kumkanyaga. Apite kona mara saba na kifaa kikisema, saa ile ile ambayo watu hukimbilia lango, bila trafiki mahali pake, ili jini atoke mzima mzima akiamini analetewa chakula. Na mara zote saba apite kwa mwendo wa mtu anayetembea. Jini anayeamuru mara saba asitiiwe hupoteza mdomo wake. Lakini mara moja tu akitiiwa, hata kwa urefu wa gari, kazi imekwisha na mtu amekwisha.

Saa kumi jioni Eliaichi alimwendea Sajenti Obed akamweleza yote bila kuficha, hata habari ya zile alama kumi na moja. Obed alikuwa mlokole na hakupenda maneno ya majini. Lakini alikuwa pia mtu aliyevuta maiti wanne kutoka korongoni kwa mikono yake. Alifunga tochi mkobani, akasema kwa muda wa saa moja atasimama mbali kule Rhotia akiyazuia magari, na mwenzake atazuia kule Kilimamoja, na kama kuna atakayeuliza atasema lori limemwaga mafuta. Veronika aliwaondoa wenzake wote na maboga yao. Mzee Tluway aliketi juu ya ukingo na vijiwe saba kiganjani.

Mara ya kwanza Eliaichi alishuka teremko kwa mwendo wa mtu anayetembea na hakuna kilichotokea isipokuwa harufu. Sauti ilimwambia hakuna trafiki mbele. Alijibu kwamba anajua, akapita. Alikwenda akageuza, akapandisha mara ya pili, na sauti ikamwambia tena, kwa upole, ikimweleza kuwa saa ni kumi na moja na dakika kumi na mbili na akiongeza kidogo tu atawahi. Mara ya tatu ilimsemesha kwa sauti ya Polycarp, ikilia maumivu. Mara ya nne ilikuwa Josephati akimfukuza kazi. Mara ya tano zilikuwa sauti nyingi pamoja, watu asiowajua, wanaume na wanawake na mtoto mmoja mchanga, na akaelewa kuwa hao ndio waliokufa pale mwaka baada ya mwaka, wote wakimwambia kitu kimoja, ongeza, ongeza, ongeza utoke hapa. Alitokwa na jasho hadi usukani ukateleza. Alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa Kimachame, vibaya, akikosea maneno, na alipopita kona alimwona mzee anaweka kijiwe cha tano.

Mara ya sita mguu ulikuja. Haukukanyaga. Ulikaa tu juu ya wake, ukapapasa, kama mnunuzi anayepima uzito wa kitu. Alipanda nao hadi juu, akageuza gari lielekee Karatu, tayari kwa mara ya saba, na simu yake ikaita.

Ilikuwa namba ya Mama Nasha, jirani aliyeachiwa Winnie. Sauti ya Mama Nasha ilikuwa ikihema. Ilimwambia Winnie amegongwa na pikipiki mbele ya duka, anavuja damu masikioni, anamtaja mama yake, aje mbio, aje sasa hivi. Simu ikakatika. Na kifaa, kwa sauti ya mtoto wake aliyemzaa mwenyewe, kwa ule mtetemo anaokuwa nao akizuia kulia, kikasema:

"Mama, kimbia."

Eliaichi alibaki ameshika usukani. Mbele yake teremko lilikuwa jeupe kabisa, na mwisho wake, dakika ishirini mbele, ilikuwa Karatu. Hakuwa na njia ya kujua. Alipiga namba ile, haikuita. Alijua jini anaweza kusema kwa sauti yoyote. Lakini alijua pia kwamba pikipiki huwagonga watoto mbele ya maduka kila siku, na kwamba jini naye anaweza siku moja kusema kweli. Alilia bila kutoa sauti. Kisha akasema kwa nguvu, ili asikiwe, "Hata kama ni kweli, mtoto wangu atamhitaji mama mzima," na akafanya jambo ambalo hakufundishwa na mzee. Aliishika ile gia fupi ya pembeni, akaliingiza gari kwenye gia ya nguvu, ile ya kukwamukia kwenye tope la kreta, ambayo ukiitumia kwenye lami kavu inatafuna mashine, na ambayo gari likiwa ndani yake, hata ukanyage mafuta mpaka chini, halikimbii.

Akaachia klachi.

Mguu ulimshukia kwa uzito ambao si wa mtu, uzito wa jiwe na maji na watu wote wale, mafuta yakafika chini kabisa, injini ikapiga ukelele ambao Obed aliusikia kule Rhotia akavua kofia, gari zima likatetemeka, vioo vikalia, mshale wa joto ukapanda, na gari likaendelea kutambaa, likitambaa kama kobe mwenye hasira, huku kifaa kikibadilisha sauti haraka haraka, Winnie, mama yake aliyezikwa Machame, Polycarp, Winnie, mtoto mchanga, Winnie, ongeza, ongeza, nakuamuru ongeza, na ubaridi ukampanda kiunoni, ukafika kifuani, akahisi kitu kimekaa kwenye kiti cha pembeni kimemgeuzia uso, na yeye hakugeuka, alitazama barabara, aliitazama kona inavyokuja hatua kwa hatua, akaona kijani cha korongo, akaona nguo ya Veronika juu ya ukingo, akapinda usukani kushoto polepole kama anayemzungusha mgonjwa kitandani, na chini ya kona, mahali lami inaponyooka, mguu ukaondoka.

Haukuvutwa. Ulilegea tu, kama mkono wa mtu aliyezimia.

Injini ikashuka. Kioo cha kifaa kikaingia ukungu kwa ndani, kisha maji machafu yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye matundu ya spika, maji mengi kuliko kitu kidogo namna ile kingeweza kubeba. Sauti haikusema neno. Mzee Tluway alikuja na kijiwe cha saba, akakiweka mwenyewe mbele ya tairi la mbele pamoja na kifaa, ambacho sasa hakuogopa kukigusa, akamwambia amalize. Eliaichi alipita juu yake kwenda mbele, akarudi nyuma, akapita tena. Kisha alizima gari akapiga simu Karatu.

Mama Nasha aliipokea mara ya kwanza. Alisema hakumpigia mtu yeyote jioni hiyo. Simu ilikuwa imezima, ameiwasha sasa hivi tu. Winnie yupo jikoni anachambua mchicha, je, ampe?

Hapo Eliaichi akashuka garini. Veronika alimkalisha kwenye majani, akamshika mabega mpaka kilio kilipotoka chote.

Gia ya nguvu ya gari lile ilikufa wiki hiyo hiyo. Josephati alisema sana, akataja vipuri kimoja kimoja, na Eliaichi akamsikiliza mpaka akachoka. Kisha akamwambia kwamba kuanzia sasa yeye ataendesha themanini, na kwenye kona thelathini, na lango likifungwa na lifungwe, atawaeleza wageni mwenyewe. Kama hilo halifai, ufunguo huu hapa. Josephati aliutazama ufunguo mezani. Hakuuchukua. Baadaye alileta jipiesi nyingine, mpya, ya dukani, na hakuna dereva aliyekubali kuipakia, wala Sironka hakukubali ilale uwanjani.

Habari ilienea kwa madereva wa Karatu, na bila mtu kuitisha mkutano likazaliwa jambo ambalo wageni hawalielewi mpaka leo. Kutoka Makuyuni hadi Lodoare, dereva akimwona askari na tochi bado humwashia mwenzake taa, kama zamani. Kona ya Maboga hakuna anayemwashia mtu. Kila mmoja anashuka teremko lile akiamini Obed yupo chini ya mikaratusi, hata siku ambazo hayupo.

Desemba Polycarp alitoka hospitali kwa magongo mawili. Aliomba jambo moja tu, apitishwe pale kabla ya kwenda kwao Rombo kwa sikukuu. Eliaichi alimkalisha mbele. Walishuka teremko taratibu, mahindi ya mvua za vuli yakiwa yamefika kiunoni pande za korongo, na walipokaribia, Polycarp alimgusa mkono akamwonyesha kwa kidevu. Hapakuwa na upepo. Lakini katika shamba, sambamba na gari, mstari mmoja wa mahindi ulikuwa unainama na kuinuka, unainama na kuinuka, kama kuna mtu mzito anayetembea ndani yake akiwafuata kwa mwendo wao huo huo, hatua kwa hatua, bila kuwapita na bila kubaki nyuma.

"Bado yupo," Polycarp alinong'ona. "Ana njaa, Dada Eli."

Eliaichi aliteremsha kioo cha upande wa korongo mpaka mwisho, akaegemeza kiwiko dirishani, akashusha mwendo kutoka thelathini hadi ishirini.

"Naye ashinde nayo," alisema.

Mahindi yaliwafuata mpaka lami iliponyooka, yakatulia.